Begi la Utingo

Gari linapotoka Dar es Salaam, tajiri hujaza dizeli na kumkabidhi dereva posho ya njia. Begi la utingo hakuna anayeliuliza. Kulipanga langu nilifundishwa na dereva wangu wa kwanza, mzee wa Pangani aliyekuwa baharia wa majahazi kabla ya kushika semi-trela. Kwake safari ya Lubumbashi ilikuwa bahari tu.

"Dogo, usifungashie gari linalotembea," aliniambia. "Likitembea hukosi kitu. Ruaha Mbuyuni utapata vitunguu, Ilula nyanya, Mafinga chai ya moto. Fungashia siku litakapokufa."

Likafa Julai, kwenye misitu ya misonobari ya Sao Hill, Mafinga tumeshaiacha nyuma. Kitonga tulikuwa tumeipanda salama, mizani ya Wenda haikutuona na kosa. Kisha difu ikaanza kusaga chuma kwa chuma, na gari likagoma likiwa limejaa salfa ya migodi ya shaba ya Kongo. Tukaweka pembetatu na matawi barabarani, tukapiga kabari magurudumu. Mzee akadaka basi kwenda Mbeya kutafuta gia. Kwa desturi yetu dereva hufuata spea, utingo hulinda mzigo.

Baridi ya huko wa pwani hawaijui. Barabara imepanda zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kusi lile lile linaloyasukuma majahazi kuelekea kaskazini, likifika milimani huleta ukungu na manyunyu yasiyokwisha. Kabini ya gari lililozimwa ni bati tupu. Nilikuwa na mablanketi mawili, koti zito la mtumba, kofia ya sufu na soksi za kubadili. Soksi kavu nilizitunza kuliko pesa.

Moto sasa. Salfa inashika upesi, na moshi wake unakaba koo. Kwa hiyo kuota moto kando ya trela hakupo. Jiko la mchina nililipeleka mbali, upande ambao upepo unatoka kwenye mzigo kuja kwangu, ili cheche isirudi kwenye turubai. Lakini mbali kabisa nako sikuweza kwenda, maana wapo wanaosubiri utingo ageuke wanyonye dizeli au wachane turubai. Nilipika nikiwa nimelitazama gari, vumbi la salfa likiniwasha macho. Ndipo nilipoelewa kwa nini mzee aling'ang'ania chupa ya maji safi ya kunawa macho tu, mbali na dumu la lita 20 la kunywa na kupikia. Na jiko la mkaa ndani ya kabini, hata baridi iumeje, sikuliwaza. Hewa yake chafu huua mtu usingizini, na madereva wa njia hii wanaijua hadithi hiyo vizuri.

Chakula kilikuwa unga, dagaa, chumvi na majani ya chai. Maharage ni chakula kizuri, ila yanamaliza mafuta ya taa kabla hayajaiva. Dawa ya malaria na panadol nilikuwa nazo, na homa ya kifua ikanikuta hasa. Usiku mmoja nilitetemeka hadi meno yakauma, nikaomba kwa sauti, peke yangu, kama mlokole. Asubuhi mama aliyepita na viazi vya kuchemsha akanisalimia "Kamwene", akaniangalia, akaniacha na vya kutosha bila kudai hela. Hicho hakikuwa begini.

Pasi ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano zilikuwa ndani ya nailoni, zimefungwa tumboni. Noti chache zilishonewa kwenye pindo la blanketi. Sindano hiyo hiyo na uzi wa nailoni ndivyo nilivyotumia turubai lilipochanika kwa upepo, la sivyo salfa ingelowa. Simu ilikuwa ya batani. Simu kubwa ingezima usiku wa kwanza, na mzee angenipigia hadi achoke.

Alirudi na gia, na fundi wa Mafinga aliyelala chini ya gari kwenye tope akilaani kila boliti. Tukashuka Igawa, jua likanikausha. Tunduma tulikuta foleni ya malori imerudi nyuma kuelekea Mpemba. Wenzetu walikuwa wakinunua maji kwa bei ya kukomoana. Sisi dumu tulikuwa tumelijaza Chimala.

Siku hizi usukani ni wangu, na kabla hatujatoka yadi namfungulia utingo begi. Kijana mmoja alikuja na raba nyeupe, spika na manukato. Nikamrudisha kwao akachukue blanketi.

"Bosi, si tunaenda Kongo? Kule joto."

"Tunapita Mafinga," nikamwambia. "Chukua mawili."