Watu-Mijusi na Somo la Insha

Sisi tunaofunza walimu twaulizwa mara kwa mara kama michezo ya kubuni ina manufaa darasani. Twaona inayo, iwapo mwalimu atauliza swali moja: ni nani aliyepewa sauti, na ni nani aliyewekwa ili auawe tu?

Tuchukue mfano wa watu-mijusi, viumbe wenye magamba na mkia wasimamao kwa miguu miwili. Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa Kimarekani wa masimulizi na dadu uliotolewa mwaka 1974, walitiwa miongoni mwa mazimwi; kitabu cha mwaka 1977 kilieleza kuwa hupendelea nyama ya binadamu. Mwaka 2008 kitabu kikuu cha wachezaji kiliwaingiza Dragonborn, watu wa asili ya joka, na mchezaji akaweza kuvaa magamba yeye mwenyewe. Katika Morrowind, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2002, baadhi ya Waargonia wenye sura ya mijusi ni watumwa. Mchezaji aweza kuwafungua, au kuwa Mwargonia. Mwaka 2024 Dungeons & Dragons iliacha neno "mbari", ikatumia "spishi".

Kubadili neno hakutoshi. Mtoto aliyezoea kumhukumu kiumbe kwa magamba yake huenda akamhukumu jirani kwa kabila lake. Kwa hiyo twashauri kila mwanafunzi aandike kisa kimoja cha vita mara mbili: kwanza kama askari, kisha kama mjusi aliyekuwa akilinda mayai yake. Insha hizo zisomwe kwa kufuatana, ndipo mjadala uanze.