Mlinzi Si Amani

Tarehe 15 Agosti 2021 mji wa Kabul ulitwaliwa na Taliban, majeshi ya Marekani yakimalizia kuondoka baada ya miaka 20. Hatimaye wasichana wakafungiwa milango ya shule za sekondari. Sisi tuliozoea kulaumu majeshi ya kigeni tulinyamaza kwa uchungu. Je, utulivu wa dunia wategemea askari wa taifa kubwa? Tutazame Korea: vita vilisimama mwaka 1953, Wamarekani wangali kusini, na mkataba wa amani haujatiwa saini. Mlinzi huzuia mwizi, lakini hapatanishi ndugu waliogombana. Papa Yohane XXIII alifundisha mwaka 1963 kwamba amani ya kweli hujengwa juu ya kuaminiana, si juu ya silaha. Basi tusimdharau mlinzi, wala tusidhani yeye ndiye amani.