Patasi za bei rahisi: tusinunue mng'aro, tununue chuma

UVIRA, Kivu Kusini – Siku hizi maduka ya vyuma hapa mjini yamejaa seti za patasi za kuchongea mbao. Zimepangwa ndani ya mfuko wa kitambaa au kisanduku cha plastiki, vipande 6, 8 au 12, na mipini yake imepakwa vanishi mpaka inameta. Nyingi zinatoka China. Zinavuka ziwa kutoka Kigoma hadi bandari ya Kalundu, au zinaingia kwa mpaka wa Kavimvira zikitokea Bujumbura. Bei yake inavutia: kwa pesa ya patasi moja nzuri ya Ulaya unaondoka na seti nzima.

Ndugu wasomaji, sitaki kuwadharau wanaozinunua. Kijana asiye na kazi hawezi kungoja mpaka apate patasi ya Ulaya. Lakini kuna jambo lililonisukuma kuandika. Mwezi uliopita kijana mmoja wa Kimanga, mwenye umri wa miaka 19, alishonwa nyuzi 5 katika kiganja cha kushoto. Alikuwa amebeba mizigo bandarini wiki nyingi ili anunue seti ya vipande 12. Siku ya tatu alikuwa anachonga kiti cha mvule. Makali ya patasi yakajikunja, yeye akaongeza nguvu, patasi ikateleza na kuingia mkononi. Wiki tatu hakufanya kazi, na mteja wake akampelekea fundi mwingine oda ile.

Watu wengi hudhani patasi kali ndiyo ya hatari. Ukweli ni kinyume. Patasi kali inakata kwa kusukumwa kidogo, na mkono unaitawala. Patasi butu inadai nguvu, na nguvu ikikosa pa kwenda inarudi kwa mwenyewe.

Mimi ninaandika habari, lakini kabla ya kalamu nilishika tezo. Baba yangu mdogo alikuwa mchongaji, na kazi yangu kila asubuhi kabla ya masomo ilikuwa kumnolea vyombo vyake. Ndiyo sababu vijana wa mtaa wetu huniomba niwasindikize dukani. Haya ndiyo ninayoyaangalia nikiwa nao.

Kwanza, sihesabu vipande. Katika seti nyingi za 12, patasi nne au tano zinafanana karibu sawa. Anayeanza anahitaji tatu tu: moja bapa, moja yenye mdomo wa mviringo kama kijiko, na moja ya umbo la V kwa mistari. Kisu kizuri kikiongezeka, tayari ana karakana. Wazee wa Kilega na wa Kiluba walichonga kwa tezo na kisu, na kazi zao leo zimewekwa ndani ya vioo katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji.

Pili, sidanganywi na maandishi. Patasi nyingi zimegongwa alama ya "Cr-V", maana yake chuma kilichochanganywa na kromu na vanadi. Mchanganyiko huo ni mzuri, lakini ugumu hautoki katika mchanganyiko peke yake. Unatoka motoni: chuma kinapashwa mpaka kiwe chekundu, kinachovywa katika mafuta au maji kipoe kwa ghafla, kisha kinapashwa tena kidogo ili kisiwe rahisi kumeguka kama kioo. Viwanda vizuri hulenga ugumu wa kama 58 hadi 61 kwa kipimo cha Rockwell. Kiwanda kikiruka hatua moja, alama inabaki ileile lakini chombo hakifai.

Tatu, ninatembea na tupa ndogo mfukoni. Namwomba muuzaji ruhusa, kisha naipitisha polepole ubavuni mwa patasi, karibu na mdomo. Tupa ikiteleza na kulia kama inapita juu ya kioo, chuma ni kigumu. Ikiuma na kuondoa unga bila shida, chuma ni laini, na makali yake yatajikunja kama yale ya kijana wa Kimanga. Jaribu karibu na mdomo, maana upande wa mpini mara nyingi huachwa laini makusudi.

Nne, natazama umbo. Naishika patasi kama mtu anayelenga bunduki, nione kama imenyooka. Mdomo wa mviringo lazima uwe na unene sawa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukiwa mnene huku na mwembamba kule, hutaunoa sawasawa hata siku moja. Ndani ya mviringo pawe laini. Mikwaruzo mirefu ya mashine huko ndani hufika mpaka kwenye makali na kuyafanya yawe kama meno ya msumeno.

Tano, mpini. Nauzungusha na kuuvuta. Ukicheza, chuma hakikuingia vizuri. Kama utapiga kwa nyundo ya mbao, tafuta mpini wenye pete ya chuma pale unapokutana na patasi, la sivyo utapasuka. Vanishi yenyewe inateleza mkono ukitoa jasho. Ikwangue kwa msasa.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hulichanganya. Patasi mpya ya bei rahisi karibu kila mara ni butu, na hilo peke yake si kosa. Makali utayaweka wewe mwenyewe kwa jiwe la kunolea, kisha kwa ngozi ya mkanda wa zamani. Ugumu ndio usioweza kuuongeza kwa jiwe. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "hii haikati, ni mbaya", muulize kama ameinoa. Na ukitumia mashine ya kunolea, chovya patasi katika maji mara kwa mara. Ukiona mdomo umegeuka rangi ya buluu, moto umeshaulainisha.

Ukishanoa, jaribu kwa kukata mbao laini kukingama na nyuzi zake. Patasi nzuri inaacha mahali panapong'aa. Mbaya inaponda nyuzi na kuacha manyoya. Kata mara hamsini, kisha tazama makali kwenye mwanga. Mstari mweupe unaong'aa juu ya makali ni alama kwamba yamekwisha. Yakiwa yamejikunja, chuma ni laini; yakiwa yamemeguka vipande, ni kigumu kupita kiasi.

Anayekosa seti inayofaa asisahau wahunzi wetu. Springi ya lori lililochakaa ni chuma kinachokubali kugumishwa, na mhunzi anayeijua kazi yake anaweza kukutengenezea patasi tatu utakazotumia miaka mingi. Hazina vanishi wala mfuko, lakini zikiharibika, aliyezitengeneza unamjua na nyumba yake unaijua.

Kwa vijana: watatu au wanne changeni pesa mnunue jiwe moja zuri la kunolea kabla ya kununua seti ya pili. Kwa wafanyabiashara: tunajua hamkutengeneza patasi hizo, na wengi wenu mnazinunua zikiwa zimefungwa. Lakini mnaweza kuweka kipande cha mbao juu ya meza, na kumruhusu mteja apitishe tupa kabla ya kutoa pesa. Anayeuza panga hukuruhusu ulipige kwa ukucha usikie mlio wake. Kwa nini patasi isijaribiwe? Duka la kwanza litakalokubali hivyo hapa Uvira, mimi mwenyewe nitawaleta vijana wa mtaa wetu huko.