Kumi na Nne kwa Mmoja

Ijumaa moja ya baridi hii yetu ya Nyeri, chama chetu kilijadili hoja: "Kura ya turufu ifutwe." Mimi nilikuwa mpinzani. Nikasema dola kubwa zikilazimishwa zitajitoa Umoja wa Mataifa, tubaki na nini? Makofi!

Akasimama mwanafunzi wa kidato cha pili, mdogo hivi. Aliniuliza Kenya ilipigaje kura tarehe 7 Machi 1997. Wacha niseme ukweli, sikujua hata kwamba ilipiga. Akaeleza. Tulikuwa katika Baraza la Usalama. Israeli ilipanga kujenga makazi kwenye kilima cha Jabal Abu Ghneim, Jerusalem Mashariki. Azimio likaitaka iache. Nchi 14 zilikubali, Kenya ikiwemo. Marekani peke yake ikakataa, basi azimio likafa. Tarehe 21 ikawa vivyo hivyo: 13 zilikubali, Costa Rica haikuegemea upande wowote, Marekani ikakataa. Nyumba zikajengwa.

"Sasa sisi tulipiga kura ya nini?" nikaropoka.

Ukumbi ulicheka. Nilikuwa nimewatetea wenzangu bila kujua.

Mwenyekiti alipohesabu mikono, wangu ulikuwa juu, upande wao.