Kisiwa kilichouza udongo wake

Wasomaji wapenzi, ninyi wababa na wamama wa makambi na wa vijiji vya karibu na migodi, leo ninataka tutembee mbali kidogo, mpaka kwenye bahari kubwa ya Pasifiki. Kisha tutarudi nyumbani. Musichoke njiani.

Mambo yalianza hivi. Mujukuu wangu, mutoto wa kalasi ya sita, alirudi kutoka masomo na kazi ya kufanya nyumbani. Mwalimu alisema kila mutoto achague inchi moja ndogo ya kisiwa, aandike inchi hiyo inafanana namna gani, watu wake wanaishi na nini, na nani anaitawala. Akaniambia: "Kambo, weye ulisoma, unipe kisiwa." Tukakwenda kuazima atlasi ya zamani kwenye parokia. Kidole chake kikaanguka juu ya nukta moja karibu na ikweta: Nauru. Nilifikiri katika nusu saa tutakuwa tumemaliza. Kumbe ile nukta iliniondolea usingizi. Sikilizeni juu ya nini.

Inchi ya kilometa 21

Eneo lote la Nauru ni kilometa za mraba 21. Barabara inayozunguka kisiwa ina kilometa 19 hivi: mutu wa kinga anaweza kuondoka kisha misa ya kwanza, akazunguka inchi nzima, akarudi mbele ya misa ya pili. Wenyeji wake ni watu 12,000 hivi. Jirani wa karibu ni kisiwa cha Banaba, kilometa 300 upande wa mashariki, na katikati ni maji matupu. Katika jamhuri zote za dunia hakuna iliyo ndogo kuliko hii.

Kisiwa kinafanana na kofia. Pembeni, karibu na bahari, kuna ukanda mwembamba wa udongo muzuri wenye minazi, na hapo ndipo watu wanajenga. Halafu kunapanda ukuta wa mawe, yale mawe yanayojengwa pole pole na vidudu vya bahari. Juu yake kuna uwanda ambao wenyewe wanauita Topside. Kuna ziwa moja dogo, Buada, na kando yake watu wanaweza kulima kidogo. Muto, hata moja hakuna. Maji ya kunywa ni ya mvua, ao ya mashini inayoondoa chumvi katika maji ya bahari. Mvua ikikatala, ni mateso.

Utawala wao ni rahisi kueleza. Muji mukuu hawakutaja katika sheria, lakini bunge na ofisi za serikali ziko Yaren, upande wa kusini. Bunge lina watu 19 wanaochaguliwa, na hao wenyewe wanachagua rais kati yao. Hawana jeshi. Pesa yao ni dola ya Australia. Bendera ni ya buluu. Mustari wa manjano ni ikweta, na chini yake kuna nyota nyeupe ya ncha 12, ncha moja kwa kila kabila la wazee wao. Katika alama ya inchi wameandika neno ambalo lilimufurahisha sana mujukuu wangu: Mapenzi ya Mungu kwanza. "Kambo, kumbe ni wakristu kama sisi!" Ndiyo. Wengi ni waprotestanti, na wakatoliki wako katika jimbo moja na jirani zao wa Kiribati.

Jiwe la kushikilia mulango

Katika mwaka 1899, katika ofisi moja ya Sydney, kulikuwa jiwe lililotoka Nauru. Kazi yake ilikuwa kushikilia mulango usijifunge. Watu walidhani ni muti wa kale uliogeuka jiwe. Kijana mumoja wa kazi, Albert Ellis, akalitazama, akakata kipande, akakipima. Ilikuwa fosfati, na fosfati ya nguvu sana. Fosfati ndiyo inayotengeneza mbolea, ile watu wa kwetu wanaita angre. Topside yote ilikuwa imejaa hiyo.

Wakati ule kisiwa kilikuwa mukononi mwa Wajerumani, tangu mwaka 1888. Kuchimba kulianza mwaka 1906. Kisha vita ya kwanza, Uingereza, Australia na Zelandi Mpya walishika mugodi pamoja. Fosfati ikaenda kunonesha mashamba yao kwa bei ya chini, na wenye udongo wakapewa senti kidogo juu ya kila tani. Wachimbaji waliletwa kutoka China na visiwa vingine, kama vile wazee wetu wengi walivyoletwa huku kwenye shaba kutoka Kasai na Rwanda.

Wanauru wenyewe walikuwa karibu kuisha. Mwaka 1920 ugonjwa wa mafua uliua wengi. Wakasema: tusipofika watu 1,500, taifa letu litakufa. Tarehe 26 Oktoba 1932 mutoto wa kutimiza hesabu akazaliwa, na mpaka leo wanaifanya siku hiyo sikukuu. Wanaiita Angam. Halafu vita ya pili ikaja. Wajapani waliwapeleka Wanauru 1,200 kwenye visiwa vya Truk. Tarehe 31 Januari 1946 walirudi 737.

Niliposoma hesabu hiyo kwa sauti, mujukuu wangu aliacha kuandika. Akauliza: "Na wengine?" Nikamwambia: "Andika tu, mwanangu."

Miaka ya kushiba

Kisha vita, Australia iliwaambia: kisiwa chenu kinaisha, kujeni tuwape kisiwa kingine kwetu. Mwaka 1964 walikatala. Hawakutaka kuwa wageni kwa watu. Tarehe 31 Januari 1968 wakapata uhuru. Walichagua tarehe ile ile ya kurudi kwa wale 737. Rais wa kwanza alikuwa Hammer DeRoburt. Katika mwaka 1970 mugodi ukawa wao.

Basi pesa ikaingia. Katika miaka ya 1970 Nauru ilihesabiwa kati ya inchi tajiri kupita zote, ukigawanya mali kwa kichwa cha mutu. Kodi ya mushahara hakuna. Masomo bure, hospitali bure. Mwaka 1977 walimaliza kujenga nyumba ya gorofa 52 huko Melbourne. Wakanunua ndeke zao wenyewe. Mwaka 1993 walilipa pesa ili muchezo wa nyimbo juu ya Leonardo da Vinci uchezwe London, na muchezo ukafungwa haraka, hakuna waliotaka kuutazama.

Musiwacheke. Hawakuwa wapumbavu. Walijua fosfati itaisha, na waliweka mufuko wa kutunza pesa ya watoto, ukapita dola bilioni moja za Australia. Lakini kuweka mufuko ni kitu kimoja, na kuulinda ni kitu kingine. Wakubwa walichota, wakakopa juu yake, wageni wenye maneno matamu wakawapa mashauri ya hasara. Serikali zilianguka moja kisha ingine, na kila moja ilipata sababu ya kuchota. Kazi nyingi za mikono zilifanywa na wageni. Chakula kilikuja na masuwa: muchele, makopo, sukari. Watu wengi wakashikwa na ugonjwa wa sukari.

Na mimi nilifanya nini

Hapo ndipo usingizi ulinikimbia. Juu ya nani mimi nihukumu watu wa Nauru?

Mwaka 2003, kisha miaka mingi ya kazi, nilipokea pesa yangu ya mwisho kwa kompani, ile tunayoita dekonti finali. Haikuwa nyingi kama ilivyopaswa, lakini ilikuwa nyingi kupita pesa yote niliyoshika siku moja katika maisha yangu. Usiku ule bibi yangu aliniambia: "Papa, hizi hazifanani na mushahara. Mushahara unarudi mwisho wa mwezi. Hizi hazirudi. Tununue shamba, tulipie watoto masomo mpaka mwisho."

Nilimujibu kwamba mambo ya pesa ni ya wanaume. Nikanunua taksibisi ya zamani, televizio, na bati za nyumba. Nikafanya karamu. Nikakopesha rafiki ambao leo wakiniona wanapita njia ingine. Mwaka haujaisha vizuri, mutambo wa taksibisi ukafa. Mwana wangu wa pili alifukuzwa masomo juu ya minervali, hakurudi tena. Tulikula nini? Tulikula sombe ya bustani ambayo bibi yangu alilima kando ya kijito na pesa kidogo aliyonificha. Alinificha, ninamushukuru Mungu.

Mwana huyo wa pili ndiye baba wa mujukuu wangu. Leo anachimba na wale wa mashimo, wakrezeri. Kuna wiki anarudi na makuta mingi, kuna wiki anarudi na mavumbi. Mbele ya kazi hii ya kisiwa alikuwa ameniambia: "Papa, masomo haileti kitu. Mutoto amekua, aende kuosha mawe pamoja nasi." Mimi sikuwa na kinywa cha kumujibu. Nani alimuondoa yeye mwenyewe masomo?

Kinachobaki

Turudi Nauru tumalize. Karibu sehemu 80 kwa mia ya kisiwa zilichimbwa. Fosfati ilikaa katikati ya nguzo za mawe. Waliondoa fosfati, nguzo zikabaki, zimesimama kama meno. Hapo huwezi kulima, huwezi kujenga. Ninyi wa Lubumbashi munajua ule mulima mweusi wa mabaki ya shaba karibu na bomba refu. Wao wana kisiwa karibu kizima namna hiyo. Mwaka 1989 waliishitaki Australia kwenye korti ya dunia ya La Haye juu ya udongo ulioharibiwa mbele ya uhuru, na mwaka 1993 Australia ilikubali kulipa dola milioni 107. Lakini pesa haioteshi udongo kwa siku moja.

Ile nyumba ya Melbourne iliuzwa mwaka 2004. Ndeke ya mwisho ilichukuliwa na wadai mwaka 2005. Tangu mwaka 2001 mpaka 2008, na tena tangu mwaka 2012, walipokea pesa ya Australia ili wawekewe kisiwani wakimbizi ambao Australia haikuwataka. Leo wanauza pia ruhusa ya kuvua samaki tuna katika bahari yao. Mwaka 2014 walianza tena kulipa kodi ya mushahara, na mwaka 2015 walifungua mufuko mupya wa watoto. Safari hii inchi za kigeni zinasaidia kuuchunga. Walijifunza, lakini masomo yao yalikuwa ya bei kali.

Tena kuna jambo moja linalotugusa sisi. Tangu mwaka 2011 Nauru inasimamia kompani inayotaka kuokota mawe chini ya Pasifiki, katika kina kinachopita meta 4,000. Ni mawe kama viazi. Ndani yake muna nini? Manganezi, nikeli, shaba na kobalti. Shaba na kobalti, wandugu! Tukisema dunia haiwezi kuishi bila mawe yetu, tufikiri mara mbili. Siku moja wanaweza kuyapata pengine, na sisi tutabaki na mashimo.

Esau alikuwa na njaa ya kweli alipouza haki yake ya muzaliwa wa kwanza kwa sahani ya dengu. Biblia haisemi kwamba hakuwa na njaa. Aliuza kitu ambacho hakirudi kwa kitu kinachoisha jioni. Jiwe likitoka katika udongo halioti tena kama muhindi. Pesa yake ni urithi, na urithi una wenyewe: wale ambao bado wako kalasi ya sita.

Siku ya kwanza ya wiki iliyofuata, mwana wangu alikuta daftari juu ya meza, akaisoma yote akiwa amesimama. Alifika kwenye nguzo za mawe, akauliza: "Hii ni kweli?" Nikasema ni kweli. Nikaongeza kile ambacho sikusema miaka yote hii: kwamba mama yake alikuwa na haki juu ya ile pesa, na mimi nilikosa, na yeye ndiye aliyelipa deni langu. Bibi yangu alikuwa jikoni akipika bukari. Alisikia. Hakusema neno, lakini muiko ulisimama kidogo.

Mutoto alikwenda masomo asubuhi ile. Juu ya mwezi ujao, bado tunazungumza.

Na ninyi, wapenzi, kisha misa ya jumapili, mukikaa kwenye chakula, muulizane: katika pesa iliyoingia humu mwaka huu, ni gani iliyoisha jioni, na ni gani ambayo watoto wataikuta? Wababa, mara hii muwaache wamama wajibu wa kwanza.