Misimu mingine hufunguliwa kimyakimya

Nimekuwa kimya wiki mbili, wasomaji wangu, mniwie radhi. Ukiwa mwandishi wa michezo wa gazeti hapa Bongo, kuna kipindi cha mwaka ambacho huna chako: kile cha kufungua msimu wa soka. Unaamka na jezi mpya, unalala na usajili. Hata mama ntilie wa jirani na ofisi yetu, ambaye kwa kawaida hunipakulia maharage kwanza ndipo aongee, kipindi hicho huanza na swali: "Kaka, yule mshambuliaji mpya ni mzima kweli?"

Katika hekaheka hizo nimejikuta nalinganisha. Kila mchezo una namna yake ya kusema "haya, tumeanza". Na nimeona kuwa ukiitazama vizuri namna hiyo, unajua ni nani anayehesabiwa na ni nani asiyehesabiwa.

Tuanze na wakubwa. Simba wana Simba Day, iliyoanza mwaka 2009. Siku yake ya asili ni Agosti 8, Nane Nane, ingawa miaka ya karibuni ratiba imekuwa ikiisogeza huku na kule. Yanga nao wakaja na Wiki ya Mwananchi mwaka 2019. Mpango wa watani hawa unafanana: watu wanachangia damu, wanatembelea wagonjwa, halafu kilele ni Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000. Wasanii wanaimba, wachezaji wanatambulishwa, na mwisho kuna mechi na mgeni kutoka nje. Mwaka 2019 Simba waliwaita Power Dynamos wa Zambia, Yanga wakawaita Kariobangi Sharks wa Kenya. Mwaka 2023 mgeni rasmi wa Simba Day alikuwa Rais Samia mwenyewe.

Nimeziandika sherehe hizi, na nakiri kuwa si muziki unaonisisimua. Ni pale majina yanapoitwa. Kipa wa tatu, ambaye pengine hatadaka hata mechi moja msimu mzima, naye anaitwa, anatoka mbio kwenye lile lango, na uwanja mzima unamlipukia. Kwa sekunde kumi yule kijana ni mfalme.

Sasa fanya hesabu kidogo. Yanga ilizaliwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936. Yaani Simba walikaa miaka 73 bila Simba Day! Babu zetu walishangilia, wakagombana na wake zao kwa sababu ya mpira, wakafa, na siku hiyo haikuwepo. Sherehe tunayoiona leo kama mila ya kale ilianza kwa watu waliokaa kikao wakaamua.

Na si kwetu tu. Marekani siku ya kwanza ya msimu wa besiboli ni kama sikukuu. Mwaka 1910 Rais William Howard Taft alirusha mpira wa ufunguzi mjini Washington, na marais wengi waliomfuata nao wakarusha. Lakini ninaoupenda zaidi ni mji wa Cincinnati. Huko kuna maandamano ya kufungua msimu yaliyoanzishwa na wafanyabiashara wa soko la Findlay mwaka 1920. Watu wa sokoni, jamani! Hebu wafikirie wauza samaki wa Feri na wauza nyanya wa Kariakoo wamefunga meza zao, wanaisindikiza timu uwanjani.

Kwenye mpira wa kikapu wa NBA, usiku wa kwanza mabingwa huvishwa pete na bendera ya ubingwa hupandishwa darini mbele ya mashabiki wao. Kabla ya kuanza upya, wanakumbuka waliomaliza vizuri. Sisi vijana wa Dar tunakesha mbele ya runinga mwezi Oktoba kuyaona hayo, na wengi tulianza ugonjwa huo mwaka 2009, Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Ila muulize huyo anayekesha ligi ya kikapu ya mkoa wake huanza lini. Atakukodolea macho.

Utaniambia si lazima kila mchezo upigiwe tarumbeta. Kweli. Kriketi ya kaunti kule Uingereza huanza Aprili, kwenye baridi, mechi ya siku nne, watazamaji wachache wamejifunika mablanketi, na hakuna anayelalamika. Wao wamechagua kimya chao. Mimi nazungumzia kimya ambacho wenyewe hawakukichagua.

Dada yangu anacheza netiboli.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliomba mwenyewe kwenda kuandika ufunguzi wa ligi yao. Kiwanja cha saruji, hakina kivuli. Timu zilijipanga tangu saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi akafika saa saba kasoro robo, akapewa kiti pekee kilichokuwa na mto, akasema michezo ni afya na ni ajira, akarusha mpira golini, ukapita pembeni, tukapiga makofi, akaondoka. Spika ya kuazima ilizimika katikati ya hotuba, na nadhani ndiyo iliyotuokoa. Hakuna mchezaji hata mmoja aliyeitwa kwa jina. Walijulikana kwa herufi za kifuani tu: GS, GA, C. Baada ya kusimama juani karibu saa nne, ndipo wakaanza kucheza. Dada yangu alifunga mabao 22 siku ile.

Nikarudi ofisini nikaandika maneno 600 kwa moyo wote. Kesho yake gazetini nikakuta mistari minne, chini ya picha kubwa ya jezi mpya ya timu moja ya soka. Ndani ya mistari ile kulikuwa na jina moja tu. La mgeni rasmi.

Nilikasirika. Nilimlaani mhariri moyoni, nikailaani nchi nzima inayojua mpira wa miguu peke yake. Ilinichukua muda kuisoma tena habari yangu mwenyewe, ile ndefu. Sentensi ya kwanza: mgeni rasmi. Aya ya pili: mgeni rasmi amesema. Aya ya tatu: aliongeza kuwa. Jina la dada yangu na mabao yake 22 vilikuwa aya ya sita. Na kila mwandishi anajua kuwa nafasi ikipungua, habari hukatwa kuanzia mkiani. Mhariri alikata mkia kama ilivyo kawaida. Aliyewaweka wale wadada mkiani ni mimi.

Dada hakusema kitu. Krismasi ile nilipokwenda nyumbani, nikitafuta picha za zamani kabatini, nikakuta kale kakipande ka gazeti amekakata vizuri kwa mkasi, amekaweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vyake vya shule.

"Humu hata jina lako halimo," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Lakini ndiyo siku tuliyofungua."

Siwaonei wivu Msimbazi wala Jangwani. Wamejitengenezea siku zao na zimewanoga, na mimi nitaendelea kwenda Mkapa kusisimka pale kipa wa tatu anapoitwa. Ila sisi wenye kalamu tusijifanye tunaripoti tu ukubwa wa sherehe tulioukuta. Sehemu ya ukubwa huo tunaujaza sisi, kurasa kwa kurasa, na wengine tunawapunja kwa mazoea yetu wenyewe. Kumwita mtu kwa jina lake siku ya kwanza hakuhitaji wasanii wala fataki. Hata ile spika mbovu ingetosha.

Ligi ya kina dada ikifunguliwa tena nimeomba niende. Nitafika saa tatu, nitapita timu moja baada ya nyingine na daftari langu, niandike majina yote kwa herufi zake sahihi. Halafu habari yangu itaanza na hao. Mhariri akitaka kukata, akate mgeni rasmi.