Bei ya DT

Pikipiki moja inaweza kuwa na bei nne siku moja, na kila bei iwe na mtu aliye tayari kuitoa. DT ya baba ilikuwa imefikisha nne kabla ya saa kumi jioni, Jumamosi moja mwezi wa tatu. Mtu wa vyuma chakavu aliyekuwa anapita na mkokoteni alisema shilingi 3,800. Alipiga hesabu ya kilo, akaondoa tairi na kiti, akanieleza kwa upole kwamba raba haiyeyushwi. Kijana wa boda pale steji alisema 18,000, kwa sababu alitaka rimu na shoksi za mbele. Baba mdogo alisema 30,000, halafu akaongeza kwamba nusu ya hiyo pikipiki ni yake. Na jamaa mmoja wa Nairobi, aliyepata picha kupitia rafiki ya rafiki, alisema 65,000 kwa simu, bila kuiona.

Mama akanigeukia. "Wewe si ndio kazi yako ni kuandikia watu bei za vitu? Basi tafuta ya hii."

Si uongo. Tangu niache chuo mwaka wa tatu, nimekula kwa kuandika maelezo ya bidhaa kwa wateja wa Marekani ambao sijawahi kuwaona, wanaolipa kwa neno. Nimesifia blenda ambazo sijazigusa. Nimeandika maneno 800 kuhusu hema la kambi nikiwa nimeketi kwa kitanda changu Kasarani, stima ikiwa imepotea. Lakini kusifia kitu na kujua thamani yake ni kazi mbili tofauti, na hii ya pili hakuna aliyewahi kunilipa niifanye.

Kwa wale waliozaliwa wakapata nduthi zimejaa kila kona: DT ni Yamaha ya matope. Ya kwanza ya ukoo huo, DT-1 ya cc 250, ilitoka mwaka 1968, na wadogo zake wakafuata. Ya baba ni 125. Silinda ni moja, upana milimita 56, pistoni inasafiri milimita 50. Piga hesabu utapata cc 123. Injini ni ya mipigo miwili, ile inayochoma oili pamoja na petroli na kuacha moshi wa buluu nyuma. Zamani ilibidi uchanganye hiyo oili kwa tangi mwenyewe, kwa kipimo, hadi Yamaha walipoleta pampu waliyoiita Autolube mwaka 1964. Oili ikapata tangi lake, pampu ikafanya hesabu. Kwa afisa aliyekuwa maili nyingi kutoka kwa ofisi, hiyo ilikuwa neema.

Maana wenyewe walikuwa maafisa. Miaka ya themanini na tisini, ukisikia mlio wa pikipiki huku kwetu Trans Nzoia ulijua anakuja mtu wa serikali ama wa kanisa: daktari wa ng'ombe, padre, mtu wa kilimo. Baba alikuwa mtu wa kilimo. Alizunguka akiwaonyesha wakulima jinsi ya kupanda 614, sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na kuwagombeza waliobana mahindi kama abiria wa matatu ya jioni. Ofisi ilipouza pikipiki zake kuukuu mwaka 1996, akanunua ile ile aliyokuwa akiendesha. Namba yake inaanza na KA kama ya gari, kwa sababu wakati huo pikipiki hazikuwa bado na mfululizo wao wa KM.

Jumatatu tuliipakia kwenye pickup ya jirani hadi Kitale, kwa fundi mzee ambaye amefungua DT nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alipoona ni mimi nimekuja peke yangu aliuliza, "Kaka yako yuko wapi?" Nikamwambia yuko shule, anasomea umeme, na karo ndiyo imetuleta. Akasema sawa, msichana wangu, shika tochi.

Kitu cha kwanza aliweka kiganja kwa injini. Ilikuwa baridi, akafurahi. Ukienda kununua pikipiki ya zamani ukute injini ina joto, alisema, jua kuna kitu umefichwa: imewashwa kabla ufike ili usione shida yake ya asubuhi.

Halafu namba. Kwa Yamaha za miaka ile, namba ya injini na ya chesis zilitoka kiwandani zikiwa zinalingana. Ya chesis iko shingoni, chini ya usukani. Ya injini iko kwenye mwili wa injini, na mara nyingi imezikwa na grisi na vumbi la miaka. Alisugua na brashi na petroli kidogo. Zililingana. "Hapo umeniongezea," nikasema, nikifikiria jamaa wa Nairobi. Fundi akanyamaza, akapitisha kidole juu ya tarakimu kutafuta kama zimegongwa upya. Hazikuwa.

Tangi ndilo lilichukua muda. Alifungua kifuniko, akanusa kwanza. Petroli iliyolala inageuka harufu, inakuwa chungu kama vanishi. Akamulika ndani na tochi ya simu: kutu, lakini ya juu juu, bado hajaona mwangaza upande wa pili. Kisha akatoa sumaku ndogo iliyofungwa kwa uzi, akaipitisha polepole juu ya rangi. Mahali pawili ilianguka. Maana yake chini ya rangi pale hakuna chuma, kuna pati, mtu alijaza bonde. Ningeandikia hiyo pikipiki maelezo, ningesema "tangi safi la awali". Sumaku haijui Kiingereza cha wateja wangu.

Aliinua gurudumu la mbele akageuza usukani taratibu, kushoto, kulia. Ukifika katikati ukahisi unajikwaa kidogo, beringi za shingo zimechimba vishimo. Ilijikwaa. Akagonga spoki moja moja kwa spana, akisikiliza kama mtu anayechagua nazi. Tatu zilitoa sauti ya bubu. Meno ya gia ya mnyororo yalikuwa yamepinda kama ndoana. Mita ya kilomita ilisoma 31,000 na kitu, na sote wawili tukacheka, kwa sababu raba ya kikanyagio ilikuwa imeisha hadi chuma. Kebo ya mita ilikatika nikiwa darasa la sita. Mita hudanganya, kikanyagio hakidanganyi.

Mwishowe akaichomoa plagi, akaweka kidole gumba mahali pake na kuniambia nipige kiki. Niliipiga. Baba alinifundisha kwenye hii hii, nikiwa na miaka kumi na nne, kwenye uwanja wa shule wakati wa likizo, na mguu wangu bado unakumbuka mahali inapokaza. Kidole cha fundi kiliruka. "Ina pumzi," alisema. Kisha akamwaga oili ya giaboksi kwa kikopo, akapima. Ilikuwa karibu yote. Hilo ndilo jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitazami: injini hizi zikizeeka, sili ya krenki upande wa klachi hulegea, na silinda huanza kuinywa oili ya giaboksi kimyakimya. Moshi unazidi, mwenye pikipiki anadhani ni pampu, na siku moja gia zinalia. Hii haikuwa imekunywa.

Pistoni ilikuwa na alama ya 0.50 juu. Maana yake silinda imeshachongwa, na pistoni kubwa zaidi kwa nusu milimita ikawekwa. Kwa kawaida unaenda hatua kwa hatua, 0.25 hadi 1.00, halafu silinda imefika mwisho. Kwa hivyo injini ya baba ina maisha mengine mawili. Napenda hilo kama kipimo kuliko mwaka wa kutengenezwa. Kitu kisiulizwe kina miaka mingapi. Kiulizwe kimebakisha mara ngapi.

Fundi alisema mashine ni ya 90,000 hadi 110,000 kwa mtu anayezitafuta, na 25,000 kwa asiyezitafuta. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimelikwepa njia nzima: "Logbook iko kwa jina la nani?"

Kuhamisha umiliki siku hizi kunafanyika mtandaoni, NTSA, na anayeuza lazima aingie kwa akaunti yake. Baba amelala chini ya mparachichi tangu 2021. Pikipiki ya marehemu ni mali ya urithi, na mali ya urithi haina muuzaji mpaka korti iseme muuzaji ni nani. Unaanza na cheti cha kifo na barua ya chifu. Unajaza fomu. Tangazo linatoka kwenye Gazeti Rasmi, watu wanapewa siku 30 kuleta pingamizi. Ukishapewa usimamizi, kwa kawaida unangoja miezi sita ndipo uthibitishwe ugawe ama uuze. Watu wengi hawafanyi haya kwa sababu ya pikipiki. Wanauza kwa karatasi ya daftari, "mimi fulani nimemuuzia fulani", na mnunuzi anaendesha mali ya mfu hadi siku atakaposimamishwa barabarani.

Nilimpigia jamaa wa Nairobi nikamwambia ukweli, pamoja na pati kwa tangi. Akasema 65 vile ilivyo, leo. Ikiwa na logbook safi kwa jina lake, 105. Yaani karatasi moja ina thamani ya 40,000, zaidi ya injini.

Hapa ndipo hadithi ilipoacha kuwa ya pikipiki. Tuna shamba la ekari mbili, na hati yake pia iko kwa jina la baba. Hakuna aliyetaka kuanza kesi ya urithi kwa sababu kuianza ni kumlazimisha kila mtu aseme kwa sauti anachofikiria. Baba mdogo akisema nusu ya DT ni yake, alikuwa anajaribu maji kwa kidole. Mama akipokea 65 chini ya meza na kumpa nusu ili kuwe na amani, ameshakubali kwamba yeye peke yake si mwenye kuuza. Mwezi wa nane maneno yale yale yangerudi, safari hii kuhusu upande wa chini karibu na mto.

Nilimwambia Mama hivyo jikoni, akichambua maharagwe. Hakujibu. Aliingia chumbani akarudi na daftari la karatasi za mraba, jalada limefungwa na utepe wa selotepu, akaniwekea mapajani.

Baba aliandika kila kitu. Plagi, 1998. Pistoni 0.25, Eldoret, 2003. Tairi la nyuma. Tena tairi la nyuma. Majina ya mashamba na kilomita, hadi mita ilipokatika, kisha majina tu. Ukurasa wa kwanza ulisema alinunua kwa 11,500, na kwamba 4,000 kati ya hizo alipewa na mdogo wake. Kwa hivyo baba mdogo hakuwa anasema uongo kuhusu pesa, alikuwa anasema uongo kuhusu hesabu. "Atapewa 4,000 zake," Mama alisema, "na mbuzi juu, kwa vile amengoja." Kuhusu nusu hakusema neno. Sheria inawatanguliza mjane na watoto. Ndugu wa marehemu hana foleni hapo wakiwepo hao. Lakini mbuzi ni lugha nyingine, na nadhani hiyo ndiyo ataielewa.

Nilifungua Septemba 2017, mwezi ambao niliitwa kwa ofisi ya fedha ya chuo nikaonyeshwa deni. Kulikuwa na mistari mitatu kwa wino wa buluu. *Karo 58,000. DT, broka Kitale: 28,000. Mwingine: 26,000.* Chini yake alikuwa ametoa, akaandika 30,000, akazungushia duara. Kisha, wiki mbili baadaye, tairi la mbele.

"Alienda nayo asubuhi," Mama alisema, "akarudi nayo jioni. Hakukula."

Sasa tangazo limetoka kwenye Gazeti, na tunahesabu siku. Karo ya kaka yangu ya muhula huu imelipwa na magunia sita ya mahindi. Jamaa wa Nairobi bado anapiga, na tangu nimwambie kuhusu daftari anapiga zaidi, kwa sababu mashine yenye historia iliyoandikwa na mkono wa mwenyewe ni adimu. Amesema akipewa na daftari atafika 120. Mama amekataa. Pikipiki inaweza kwenda, daftari halitoki. Tumeelewana nimpigie picha kurasa zote za ufundi, aongeze 5,000 iwe 110. Nimeshamtumia 37. Ya Septemba 2017 haimo.